Sekunde Ishirini na Tano

Kilianzia kwenye king'ora cha pikipiki iliyokufa Ndosho.
Nilichomoa chipu yake ya miguu minane
kama ung'oavyo kupe: polepole, kichwa kisibaki.
Kapasita nilizinunua Birere,
muuzaji akiapa ni mpya, vumbi lake likikana.
Sanduku? Kisahani cha sabuni, cha buluu, chenye mfuniko.
Mama bado anakitafuta.

Kilichozoea kupiga kelele
nilitaka kijue kunyamaza na kuhesabu.

Kamera ni ya Masika, apigaye harusi za Katindo.
"Irudi kabla ya Jumamosi," alisema,
"na ukiiunguza, utasimama wewe kanisani
uwachore maharusi kwa penseli."

Tundu la ubavuni lina nyaya tatu tu:
wa kulenga, wa kupiga, na wa ardhi.
Niligusisha miwili. Kle!
Kumbe kidole, na ukucha wake,
na majivuno yote ya mpiga picha,
ni shaba mbili zilizosalimiana.

Ishirini na tano jicho wazi, tano kufumba.
Ndivyo nilivyotaka.
Chenyewe kikahesabu kama mdaiwa mbele ya mdai:
ishirini na tano yake ilifika thelathini na moja.
Nikakaa sakafuni, simu mbele yangu, bisibisi nyembamba kama mwiba,
nikikaza, nikilegeza, nusu ya nywele kulia, nusu kushoto,
hata Mama Nzigire akachungulia kuomba kiberiti,
akaona betri, akaona nyaya,
akarudi nyuma hatua mbili bila kusema.
Katika mji huu kitu kinachojihesabia peke yake
hakipewi mgongo.
Nikamfunulia mfuniko: nusa, mama,
ni sabuni tu iliyosoma hesabu.
Hakucheka. Kiberiti alichukua.

Nilitaka mlima.
Nilitaka ule wekundu unaopumua juu ya Nyiragongo
usiku mzima, bila mimi kuutikisa kwa mkono wangu.
Umeme ukakatika saa mbili kamili, nikashukuru, mara ya kwanza maishani.
Miguu mitatu juu ya ukuta wa mawe meusi,
jiwe jingine likining'inia katikati kuizuia na upepo wa ziwani.
Relei ikaanza: tak. Kimya. Tak.
Nikaenda kulala kama mtu aliyeajiri mlinzi.

Picha mia tisa na sitini.
Wingu.
Wingu, wingu, wingu lenye haya usoni, kisha wingu.
Mlima haukutoka nje hata mara moja.

Lakini chini, pembeni, kuanzia ya mia saba thelathini na moja,
yaani saa nane na dakika tano,
yuko mtu.

Uwazi mrefu hauwaoni wapitao.
Walinzi, mbwa, chukudu iliyochelewa na magunia ya makaa,
wote walipita mbele ya lenzi wakayeyuka kama pumzi kwenye kioo.
Huyu hakuyeyuka.
Picha ishirini na mbili. Dakika kumi na moja.
Baba, na blanketi lake mabegani,
amesimama pale jiwe lilipoimeza nyumba ya kwanza,
kabla sijazaliwa,
pale anapotuambia kila mara:
hapo hapana kitu, ni mawe.

Amekaza kusimama hata mikunjo ya blanketi inahesabika.
Mdomo tu una ukungu.
Alikuwa akisema na mtu.

Kamera niliirudisha Ijumaa. Masika akauliza:
mlima je?
Nikamwambia wingu.

Kisahani kipo rafuni, betri sijaitoa.
Kinagusisha nyaya zisizokwenda popote: tak.
Na kila ifikapo saa nane komeo la mlango linainuliwa taratibu,
kwa namna ya mtu asiyetaka kuamsha watoto,
ingawa watoto tuna ndevu.
Siinuki.
Nahesabu ishirini na tano, macho wazi gizani, nikiwa naye.
Kisha nafumba.
Zile tano
ni zake.